Kazi Mbovu ya Fundi Baiskeli: Mafunzo Niliyopata Bukoba

Huku Kagera, kuanzia Nyanga na Rwamishenye hadi Muhutwe na Kamachumu, baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Rubya. Njia zetu ni kupanda na kushuka. Kwa hiyo fundi akilipua kazi, aliye hatarini ni mtu, achilia mbali hela zake.

Nilipeleka baiskeli yangu kwenye duka moja mjini Bukoba linalouza vipuri na kufanya matengenezo. Gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba, na krenki ya kushoto inacheza. Nikalipa, nikaambiwa kazi imekwisha. Nikiwa nashuka kuelekea Kemondo na mkungu kwenye keria, gurudumu likaanza kusaga kwa mlio wa kukwaruza na krenki ikalegea tena. Nilishuka, nikaisukuma. Haya ndiyo niliyojifunza katika kudai haki yangu.

1. Usiruhusu mkono mwingine uguse kabla ya yule aliyelipwa.

Pale njiani alikuwepo fundi mwingine, mtu mwema, akataka anisaidie palepale. Nilimshukuru nikakataa. Nati ikishafunguliwa na mtu wa pili, wa kwanza atasema huyo ndiye aliyeharibu, na hutakuwa na cha kumjibu. Niliirudisha dukani vilevile ilivyo, nikaomba ifunguliwe mbele yangu na mbele ya mwenye duka.

Gurudumu lilipofunguliwa, maneno yaliisha. Habu ya nyuma ya baiskeli hizi za kawaida za inchi 28 hukaa gololi 9 za robo inchi kila upande. Upande mmoja zilikuwa pungufu, na kati ya zilizokuwemo kulikuwa na ndogo, zile za gurudumu la mbele. Gololi kubwa zikichanganywa na ndogo, mzigo wote unazielemea zile kubwa tu. Koni ilikuwa imeshaanza kuchimbika, vishimo vinaonekana kwa macho, na grisi imekuwa nyeusi kwa unga wa chuma. Kwenye krenki ndipo nilipokasirika hasa. Pini yake halali ina ubavu mmoja bapa unaoegemea ekseli barabara. Iliyotolewa pale ilikuwa msumari mnene uliopigwa tupa ukafananishwa na pini. Chuma laini cha namna hiyo kinaminyika kila unapokanyaga pedeli kupanda mlima, mpaka krenki inaanza kucheza. Niliviweka vyote juu ya kipande cha boksi, na kila aliyekuwepo akaviona.

2. Dai kazi, usimtukane mtu.

Mwenye duka alianza kwa kusema, "Mzee, barabara zetu ndizo mbovu, na wewe umebeba mzigo." Nilimjibu kwamba keria imewekwa kwa ajili ya mzigo, na barabara ni ileile aliyoijua wakati anapokea hela yangu. Watu walishaanza kukusanyika, na mmoja akapaza sauti kwamba huu ni wizi. Nilimwomba anyamaze. Katika miji yetu neno "mwizi" likisemwa kwa sauti mbele ya kundi, mtu anaweza kupigwa hadi kufa. Hakuna pini ya krenki yenye thamani hiyo. Aliyefanya kazi ile alikuwa kijana mdogo, amesimama kando na tupa mkononi. Nikamwambia, "Kijana, nionyeshe ulivyofunga, na mimi nikuonyeshe ilivyofunguka." Kuanzia hapo tulizungumza.

3. Jua nani anauza kipuri na nani anauza ufundi.

Hili wateja wengi hawalijui. Mara nyingi fundi anayekaa kwenye baraza la duka si mwajiriwa wa duka hilo. Analipwa kwa kila kazi. Ukilalamika kwa mwenye duka, anakutuma kwa fundi. Ukimwendea fundi, anasema kipuri alichopewa kilikuwa kibovu, na pengine anasema kweli, kwa sababu vipuri vinavyotufikia kupitia Mwanza au mpaka wa Mutukula havilingani ubora. Msimamo wangu ulikuwa mmoja: aliyepokea fedha ndiye anayenijibu, wao watamalizana wenyewe.

Siku hizi pia naomba nirudishiwe kipuri cha zamani kila kinapobadilishwa. Ukipewa koni yako iliyochakaa mkononi, unajua kwamba kweli mpya imewekwa.

4. Maandishi mafupi yanatosha.

Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua. Ugumu ni kuyathibitisha. Karatasi ya daftari yenye tarehe, kazi iliyokubaliwa na kiasi kilicholipwa inakata ubishi. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Sheria hiyohiyo inampa fundi haki ya kuishikilia baiskeli mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya kama mlivyopatana. Kwa hiyo usijaribu kuondoka nayo kwa nguvu kabla hamjaelewana.

5. Omba kazi irudiwe kwanza; fedha baadaye.

Nilidai gololi mpya zote za pande mbili, koni mpya, pini halali, na ufundi bure. Walikubali. Nauli na mkungu ulioiva kabla ya kufika sokoni sikulipwa, na sikuendelea kubishana. Kama wangekataa, hatua iliyofuata ilikuwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata, ambalo liliwekwa kwa sheria ya 1985 na kazi yake ni kusuluhisha, kisha Mahakama ya Mwanzo. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, inayopokea malalamiko ya walaji. Kwa madai madogo kama haya, mwenyekiti wa mtaa ndiye aliye karibu, na watu wa mtaa wanamheshimu.

6. Ijaribu na mzigo.

Kuizungusha uani hakutoshi. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, tazama kama rimu inagusa mpira wa breki. Shika krenki mbili, moja kila mkono, uzitikise kwa kupingana. Angalia pedeli ya kushoto: uzi wake ni wa kinyume, na fundi mgeni akiilazimisha kama ya kulia, anaumenya. Kisha weka mzigo, panda mlima. Na baada ya kuiendesha kidogo, rudi ukakaze tena nati ya pini mpya, kwa sababu pini hujisogeza na kukaa sawa inapopata uzito. Kijana yule mwenyewe ndiye aliyeniambia hili, na nilimheshimu kwa hilo.

7. Mvua si kosa la fundi.

Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na inanyesha kwa wingi zaidi kati ya Machi na Mei. Maji na matope yanaondoa grisi hata kama kazi ilikuwa safi. Habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya masika yanapokwisha, na gharama hiyo ni ya mwenye baiskeli.

Kwa wenye maduka ya baiskeli wa Bukoba, Kemondo na Muleba nina ombi. Bandikeni ukutani bei ya kila kazi, na mtoe dhamana japo ya wiki moja. Na vijana mnaowapa nafasi barazani wapelekeni VETA, wapimwe na kupewa cheti cha ujuzi walio nao. Wengi wanaijua kazi, wanachokosa ni pini halali na mtu wa kuwakataza kutumia msumari.