Uvimbe chini ya sikio, si matubwitubwi kila mara

Mtoto wa Nyahanga, Kahama, akivimba chini ya sikio, jirani atasema ni matubwitubwi, na mara nyingi hatakosea. Mzee wa miaka 60 aliyevimba upande mmoja bila homa, akakaa miezi bila nafuu, ni habari nyingine: huenda ana saratani ya mirija ya mate.

Saratani ya mirija ya mate ni ipi?
Mate hutoka kwenye tezi na kupita katika mirija hadi kinywani. Mwaka 1968, Mjerumani Kleinsasser na wenzake walieleza saratani ya mirija hiyo, inayofanana sana na ile ya mirija ya maziwa ya matiti. Ni adimu na kali. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, hasa kwenye tezi ya parotidi, mbele ya sikio.

Mdomo ukienda upande, si kiharusi?
Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya tezi ya parotidi. Saratani ikiuvamia, jicho halifumbiki na paji la uso hulegea. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjika. Uvimbe wa miaka mingi ukianza ghafla kukua nao usingojewe.

Je, chanzo ni zebaki ya machimbo ya dhahabu?
Zebaki huharibu ubongo na figo, lakini haijathibitishwa kuleta saratani hii. Kinachojulikana kuongeza saratani za tezi za mate ni mionzi: ilionekana kwa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki.

Hupimwaje?
Kwa ultrasaundi na sindano nyembamba, kisha picha za CT. Kati ya vimbe 10 za parotidi, takriban 8 si saratani, hivyo kipimo si hukumu. Lakini kuukata uvimbe ovyo katika zahanati ni hatari: mshipa wa uso uko hapohapo.

Na tiba?
Tezi huondolewa pamoja na tezi za limfu za shingo, kisha tiba ya mionzi, inayopatikana Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Ule mfanano na saratani ya matiti una faida yake: baadhi ya wagonjwa wana protini nyingi ya HER2 kwenye uvimbe na hufaidika na dawa ya trastuzumab. Wengi wana vipokezi vya homoni za kiume, hivyo dawa za saratani ya tezi dume huweza kuwasaidia. Bila kupima kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, hakuna ajuaye ipi inamfaa nani.

Kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta hudumu miaka na huweza kupimwa tena. Mgonjwa wa Kahama aliyepewa rufaa aulize chake kipo wapi kabla hajapanda basi.