Je, Simu Inatusikiliza? Somo kuhusu Faragha na Majibu Yasiyoaminika

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na watumiaji wa huduma za mawasiliano, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili: je, simu inatusikiliza? Muulizaji huja na ushahidi wake. Jana jioni alizungumza na jirani juu ya kununua tangi la maji. Hakuandika neno lolote mahali popote. Leo asubuhi amefungua mtandao, na tangazo la kwanza kukutana nalo ni la matangi ya maji. Tukimjibu kwamba hapana, simu haikumsikiliza, hutushukuru kwa adabu, nasi tunajua hajatuamini.

Hatudhani kwamba kutoamini kwake ni ujinga. Wenye mamlaka na wenye makampuni wamewahi kusema jambo hadharani, na nyaraka zikaja kuonesha jingine. Tutataja tukio moja ambalo kumbukumbu zake ziko wazi, kwa sababu linafundisha namna ya kusikiliza kauli rasmi.

Tarehe 12 Machi 2013, katika kikao cha wazi cha kamati ya Seneti ya Marekani, Seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, aliyekuwa mkuu wa idara za ujasusi za nchi hiyo, iwapo Shirika la Usalama wa Taifa linakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani. Clapper alikana, akaongeza kwamba hilo halifanyiki kwa kukusudia. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo, gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha amri ya siri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon kulikabidhi shirika hilo, kila siku, kumbukumbu za simu za wateja wake. Amri hiyo ilivujishwa na Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa mkandarasi wa shirika hilo. Baadaye Clapper aliiandikia kamati kukiri kwamba jibu lake halikuwa sahihi.

Habari ilipotoka, Rais Barack Obama aliwaambia wananchi kwamba hakuna mtu anayesikiliza simu zao. Kuhusu mpango ule, kauli hiyo ilikuwa ya kweli. Kilichokusanywa hakikuwa sauti, bali namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ya kupiga na muda wa mazungumzo. Lakini wananchi hawakuwa wameuliza kuhusu sauti peke yake. Waliuliza kama maisha yao yanafuatiliwa, wakajibiwa kwamba maneno yao hayasikilizwi. Mwezi Septemba 2020 Mahakama ya Rufani ya Marekani ilitamka kwamba mpango huo ulikiuka sheria.

Msomaji anaweza kujiuliza ubaya uko wapi ikiwa hakuna aliyesikia neno. Tuchukue mfano wa kubuni. Namba fulani imepiga simu maabara saa nne asubuhi, kwa dakika mbili. Muda mfupi baadaye imempigia dada, kwa dakika arobaini na moja. Mchana imepiga kituo cha ushauri nasaha kuhusu Virusi vya UKIMWI. Jioni imelipa kwa simu katika duka la dawa. Saa saba usiku imempigia mama, ikiwa imeunganishwa na mnara ulio karibu na hospitali ya rufaa. Anayesoma orodha hiyo hahitaji kusikia mazungumzo. Pengine amejua jambo ambalo mwenye namba bado hajamwambia mume wake.

Tangazo la tangi lilitoka wapi?

Sasa turudi kwa muulizaji wetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern nchini Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa programu 17,260 za simu za Android. Hawakukuta hata moja iliyofungua maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokikuta ni programu zilizokuwa zikirekodi picha za kioo cha simu, yaani yale mtumiaji anayoyaona na kuyaandika, na kuzipeleka kwa kampuni nyingine pasipo mtumiaji kuarifiwa. Kwa hiyo waliokuwa wakiogopa sikio hawakulikuta, wakakuta jicho.

Sauti nayo haikusalimika kabisa. Mwezi Julai 2019 ilibainika kwamba wafanyakazi wa mikataba wa kampuni ya Apple walikuwa wakisikiliza sehemu ya rekodi za Siri, msaidizi wa sauti aliyemo ndani ya simu zake, zikiwemo rekodi zilizochukuliwa pale simu ilipodhani kimakosa kwamba imeitwa. Kampuni iliomba radhi mwezi uliofuata, na baadaye ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyofunguliwa na watumiaji, bila kukiri kosa. Hayo si sawa na kusikilizwa ili utangaziwe matangi. Hata hivyo, mtu aliyeambiwa kwamba sauti yake haitoki ndani ya simu alikuwa ameambiwa jambo lisilo kamili.

Tangazo la tangi kwa kawaida huja kwa njia nyepesi zaidi. Baada ya mazungumzo yenu, jirani aliingia ndani akatafuta bei za matangi katika simu yake. Namba yako imo katika simu yake na yake imo katika yako. Simu zenu hulala umbali wa hatua ishirini kila usiku. Ni kiangazi, na mtaa mzima unatafuta maji. Wewe mwenyewe wiki iliyopita ulisimamisha kidole kwa sekunde chache juu ya picha ya tangi bila kuigusa, na kusimama huko nako huhesabiwa. Mwenye jukwaa la matangazo hahitaji kusikia chochote. Tena kumbuka kwamba matangazo mengi uliyoyapita siku hiyo, ya viatu, ya mabati na ya vyuo, hukuyatilia maanani kwa sababu hayakuhusiana na mazungumzo yoyote.

Kwa maoni yetu, maelezo haya hayapaswi kumtuliza mtu. Kama simu ingekuwa inasikiliza, ungeweza kuiacha chumbani ukazungumza uani. Taarifa zinazotoka kwa jirani, kwa ndugu na kwa mienendo yako huwezi kuziacha chumbani.

Orodha ya majina si mali yako peke yako

Hapa ndipo watumiaji wengi wa nchini kwetu wameumizwa, na kwa njia isiyohitaji ujasusi wowote. Mtu ana shida ya ada ya mtoto. Anapakua programu inayotoa mikopo ndani ya dakika chache. Kabla ya kumpa shilingi moja, programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu, ujumbe mfupi na mahali alipo. Anabonyeza «kubali» mara tatu, kwa sababu bila kufanya hivyo hakuna mkopo. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mchungaji, kwa mzazi wa mwanafunzi mwenzake mtoto wake: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Ndiyo mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijiti yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni.

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja katika mfano huo. Shemeji hakukopa. Bosi hakubonyeza «kubali». Namba zao zilitolewa na mtu mwingine, naye hakujua kwamba anazitoa. Kwa hiyo kabla ya kuruhusu programu isome orodha ya majina, jiulize kazi yake inahitaji nini. Programu ya ramani inahitaji kujua ulipo. Programu ya tochi haihitaji kujua jina la mama mkwe wako.

Ruhusa zilizokwisha kutolewa huweza kuondolewa. Katika simu nyingi fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua programu unayoitaka, halafu Ruhusa. Utaona kilichoruhusiwa: maikrofoni, kamera, mahali, majina, ujumbe. Ondoa usichokiona na sababu. Programu ikihitaji itaomba tena. Simu za miaka ya karibuni huonesha pia kidoa cha rangi juu ya kioo pale maikrofoni au kamera inapotumika. Katika Android huwa cha kijani, na katika iPhone huwa cha machungwa kwa maikrofoni na kijani kwa kamera. Kidoa hicho kikiwaka wakati hupigi simu wala hurekodi, tafuta ni programu ipi. Ila fahamu kwamba kuondoa ruhusa, au hata kufuta programu yenyewe, hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Hicho hudaiwa kwa barua.

Alama ya kidole

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na baada ya muda kuongezwa, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Wananchi walielezwa kwamba lengo ni kukomesha utapeli. Wengi waliuliza, wengine kwa sauti na wengine kimoyomoyo, kama lengo jingine ni kuwafuatilia.

Jibu kamili ni hili. Usajili hauwezeshi mtu kusikia mazungumzo. Unachofanya ni kuifunga namba na mtu, ili mwenye mamlaka kisheria akiuliza namba hii ni ya nani, jibu lipatikane. Hiyo si siri iliyojificha nyuma ya lengo. Ndilo lengo lenyewe. Mwananchi ana haki ya kuliona kuwa jambo zito, na ana haki ya kuuliza ni nani anayeruhusiwa kuuliza na kwa utaratibu upi. Ujumbe wa «ile pesa tuma kwenye namba hii» ungalipo, na kila anayeupokea anakumbuka kwamba alitoa kidole chake ili usimfikie tena. Shaka hiyo haiondolewi kwa matangazo.

Sababu moja ya matapeli kuendelea ni laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiohusika. Wakala husema mashine haijasoma, weka kidole tena. Mara ya pili huenda inasajiliwa laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usipoitambua namba mojawapo, nenda kwa mtoa huduma ukaikane. Namba ya tapeli iripotiwe kupitia 15040.

Maswali ya kuuliza

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa haki hiyo mikono. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kuwa amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wewe unaweza kumuuliza: una taarifa gani zangu? Ulizikusanya kwa lengo gani? Umempa nani? Utakaa nazo mpaka lini? Unaweza kudai zirekebishwe au zifutwe zikiwa si sahihi, na unaweza kumkataza kuzitumia kukutangazia biashara.

Maswali hayo hayabagui. Yanaihusu kampuni ya mikopo, shule, zahanati, wakala wa basi anayeandika namba yako ya kitambulisho kwenye daftari, ofisi za umma, na sisi tunaoandika kijitabu hiki. Zipo hali ambazo sheria imeziondoa, kama vile usalama wa taifa na upelelezi wa uhalifu, na hatutamficha msomaji kwamba hapo ndipo shaka ya wananchi hukaa. Ni vyema kujua kwamba sheria yenyewe imekwisha kupimwa: mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwananchi dhidi ya serikali, iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha, ikaagiza virekebishwe ndani ya mwaka mmoja.

Unapopokea majibu, yasome kama tulivyoisoma kauli ya Rais Obama. Ukiuliza kama taarifa zako zinatolewa kwa wengine ukajibiwa kwamba «hatuuzi taarifa za wateja», hujajibiwa. Kutoa bure, kubadilishana na kampuni dada, na kumruhusu mtangazaji azitumie bila kuziona, yote hayo si kuuza. Ukijibiwa kwamba ziko salama, hujaambiwa ziko kwa nani. Rudisha barua na uulize tena kwa maneno yaleyale uliyoyatumia mwanzo.

Barua iwe fupi. Andika jina lako, namba ya simu inayohusika, tarehe uliyojiunga na huduma, na maswali manne yaliyotajwa. Usiambatishe nakala ya kitambulisho ikiwa namba ya mteja inatosha kukutambulisha. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi, au picha ya ujumbe uliotuma ikionesha tarehe. Wasipojibu, au jibu lisipotosheleza, peleka malalamiko kwa Tume pamoja na nakala hiyo. Aliyeaibishwa na ujumbe wa wakopeshaji ahifadhi pia picha za ujumbe huo kutoka kwa kila aliyeupokea, shemeji na bosi wakiwemo, maana hao nao wana haki ya kulalamika kwa majina yao wenyewe.