Kliniki Haiishi na Chanjo ya Miezi 18

Mtoto akishadungwa chanjo ya pili ya surua na rubela, akiwa na miezi 18, wazazi wengi huona kazi imekwisha. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto huwekwa kabatini pamoja na risiti na vyeti vya shule, na hutolewa tena siku ya kumwandikisha mtoto chekechea. Katikati hapo muuguzi hamwoni mtoto ila anapougua.

Kwa Kaunti ya Kilifi, pengo hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 37 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 hapa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kiwango cha nchi nzima ni 18 kati ya 100.

Kudumaa ni vigumu kukutambua kwa macho. Mtoto aliyedumaa hucheza na kucheka, na akisimama kando ya mwenzake aliyedumaa vilevile, wote wawili huonekana sawa. Watu husema amerithi ufupi wa babu yake. Hata mizani yaweza kudanganya, kwa kuwa uzito wa mtoto unaweza kulingana na kimo chake kifupi. Ndiyo sababu urefu hupimwa pia. Aliye chini ya miaka 2 hulazwa kwenye ubao. Aliyezidi hapo husimama, bila viatu. Kazi hii huhitaji watu 2 wa kumshika mtoto vizuri, na foleni ikiwa ndefu ni rahisi kurukwa. Mzazi ana haki ya kuuliza urefu wa mtoto ni sentimita ngapi na aonyeshwe alama yake kwenye chati.

Madhara mengi hutokea kati ya ujauzito na miaka 2 ya kwanza. Akifikisha miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya. Uji mtupu wa mahindi humshibisha bila kumjenga. Humo huhitajika dagaa waliosagwa, pojo au kunde zilizopondwa, na kando yake mchicha, papai au embe. Boma lenye kuku halikosi mayai, ila mara nyingi yote huenda sokoni. Moja likibaki kwa mtoto, bei yake si hasara. Kuhara kwa mara kwa mara nako hudumaza, hivyo choo na kunawa mikono kwa sabuni ni sehemu ya lishe.

Kuna pia vitamini A, ambayo huhifadhiwa kwenye ini na kupungua baada ya miezi michache. Kwa hiyo hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Mtoto hamezi kidonge: muuguzi hukata ncha na kumtilia matone mdomoni. Kidonge cha buluu ni cha walio chini ya mwaka mmoja, chekundu ni cha waliozidi hapo. Aliyeacha kliniki akiwa na miezi 18 amepata dozi 3, na zilizobaki hazipungui 6. Dawa ya minyoo nayo huanza akiwa na mwaka mmoja, kila miezi 6.

Wiki za Malezi Bora, zinazofanyika kila mwaka mwezi wa Mei na Novemba, ziliwekwa kwa ajili ya pengo hili. Huduma hupelekwa hadi kwenye chekechea na vijijini. Mhamasishaji wa afya ya jamii hupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi: kijani ni salama, manjano ni onyo, na nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, humaanisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vitamini A na dawa ya minyoo hutolewa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, hata nje ya wiki hizo. Mzazi aje na kijitabu. Aliyekipoteza aje hivyo hivyo, na mtoto atahudumiwa.