Askari Mzee na Mbwa Wake

SWALI: Ami yangu, askari mstaafu aliyepigana vitani, hulala barazani mwa maduka mjini Kitale na mbwa wake. Nataka kumleta kwangu Bungoma, lakini hakubali kumwacha mbwa huyo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, wapokee wote wawili, kwani mtu aliyeshuhudia mauti ya wenzake, kisha akakosa maskani mjini Kitale, katika Trans Nzoia ileile ambayo serikali ya kikoloni, tangu mwaka 1919, iliwagawia maaskari wa Kiingereza mashamba, ilhali maaskari wetu Waafrika wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) hawakupewa, ana haki ya kumshikilia sahibu anayemlinda usiku. Mbwa na alale karibu naye, maana ami yako ajapo kugutuka kwa jinamizi, huenda akatulia akimgusa. Ila kwanza mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kwa daktari wa mifugo, na chanjo irudiwe kila mwaka.