Tunza mbegu ya viazi wakati wa kipwa

Mwenye shamba, sikiliza vizuri. Mbegu ya mahindi inalala ghalani miezi mingi bila kufa. Mbegu ya viazi vitamu si hivyo. Mbegu yake ni kamba yenyewe, nayo ni laini, imejaa maji. Jua la kipwa linaikausha, baridi ya usiku inaiunguza. Huku Katanga mvua inakatika mwezi wa 4, inarudi mwezi wa 10 au wa 11. Nani atailinda miezi hii yote? Ni wewe.

Tazama faida yake. Mtu mwenye kamba anapanda na mvua za kwanza. Mwezi wa 3 anachimba viazi. Vingine anakula, vingine anauza kwa watu wa migodi. Mtu asiye na kamba anazunguka kwa majirani kuomba. Anapanda mwezi wa 1, na watoto wake wanangoja mpaka mwezi wa 5.

Basi fanya hivi.

1. Kuchagua. Mwezi wa 4 kata ncha za kamba nzuri. Usitwae shina la zamani karibu na udongo, maana ndimo mdudu mweusi wa viazi anaweka mayai yake. Ukiona majani yamejikunja, yamekuwa madogo na ya manjano, kamba hiyo ina ugonjwa. Ing'oe, usiipande.

2. Mahali. Tengeneza kitalu karibu na maji, lakini si chini kabisa ya dembo. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilipanda chini kabisa, sababu nilichoka kubeba maji. Usiku mmoja wa mwezi wa 7 baridi kali ilikuja. Asubuhi majani yote yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Lakini kitalu cha mama mmoja, juu kidogo kwenye mteremko, kilikuwa kizima. Ndipo nilipofahamu: baridi ya usiku inatelemka kama maji, inajaa bondeni.

3. Kulinda. Panda kamba mbalimbali, sentimetre 20. Nyunyiza maji asubuhi, kila siku ya pili. Mwezi wa 6 na wa 7, simamisha miti mifupi, na jioni tandika majani makavu juu yake. Asubuhi yaondoe, kamba zipate jua. Matembele ya kitalu usiyachume yote kwa mboga. Kamba pasipo majani haina nguvu.

4. Kama maji ni mbali. Chagua viazi vizima, visivyo na kidonda wala tundu. Vilaze ndani ya chungu chenye mchanga mkavu, visigusane, uviweke nyumbani penye kivuli. Kila mwezi vitazame, utupe vilivyooza. Mwanzo wa mwezi wa 9 vipande karibu na nyumba, uvinyunyizie maji. Vitatoa kamba nyingi mbele ya mvua.

5. Kupanda. Mvua ikilowesha udongo vizuri, kata vipande vya sentimetre 30. Panda juu ya matuta, theluthi mbili ndani ya udongo.

Kitalu cha hatua 2 kwa 3 si kazi kubwa. Usingoje mvua ianguke ndipo utafute mbegu. Anza mwezi wa 4, wakati kamba zako zingali na nguvu.