Jipu la njia ya haja kubwa: kupasuliwa ni mwanzo tu

Uvimbe wenye moto pembeni mwa njia ya haja kubwa, homa juu, na kukaa hakukaliki: nenda hospitali siku hiyohiyo. Mabango ya dawa ya bawasiri yapite, hii si bawasiri. Usaha ukishajikusanya, vidonge peke yake havitoshi. Unatolewa kwa kisu.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikapasuliwa. Kidonda hakikushonwa, kwa makusudi, kwani kikifunga juu kabla ya chini, usaha hujikusanya upya. Nyumbani kazi kubwa ni beseni. Maji ya uvuguvugu matupu, dakika 10 hadi 15, kila ukitoka chooni na kabla ya kulala. Jikaushe kwa kugusagusa, weka gozi, kisha pedi ya kike ndani ya chupi. Ndiyo, hata wewe mwanaume. Muuza duka akikukodolea macho, chukua chenji yako uondoke. Kula papai, maharage na mboga, unywe maji, maana choo kigumu wakati huo ni adhabu.

Baadaye palepale likatokea tundu dogo, likawa linachuruza na kuchafua nguo. Ni fistula, lakini si ile ya uzazi tunayoisikia redioni. Jipu huanzia kwenye tezi ndogo ndani ya njia ya haja, na likishapasuliwa, kijia kutoka kwenye tezi hadi kwenye ngozi kinaweza kubaki wazi. Huwapata wengi, hata waliopasuliwa vizuri.

Hapo muulize daktari bingwa: tundu la ndani umeliona? Kijia kimepita kwenye misuli kiasi gani? Tundu hilo likikosekana, au tawi moja likaachwa, fistula inarudi. Kijia cha juujuu hupasuliwa kikaachwa wazi, na wengi hupona kabisa. Kikipenya misuli mingi, kukikata ni kuhatarisha uwezo wa kuzuia haja. Changu kilikuwa hivyo. Kipimo cha MRI kilionyesha. Nikapitishiwa uzi, setoni, ukafungwa kitanzi ili usaha uwe unatoka, huku nikisubiri operesheni nyingine. Unakera mwanzoni, kisha unauzoea. Usiukate mwenyewe, na bodaboda kwenye barabara ya mashimo ziache kwanza.

Fistula ikirudi tena, omba upimwe kisukari na VVU, na uulizie ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn. Kipande cha nyama kipelekwe maabara, ufuatilie majibu mwenyewe: kifua kikuu hukaa hata huko, na hicho bila dawa zake za miezi kadhaa, utapasuliwa bure.