Vikapu Kumi na Viwili vya Makombo

Somo: Yohana 6:1–13, 1 Wafalme 17:8–16



Tangu unga upande bei nimesikia neno moja likirudiwa kwenye vikundi vya nyumbani: ati mtu aliyeokoka akianza kupima unga, kukata sabuni vipande na kupasha viporo, hiyo ni roho ya umaskini. Mwenye imani apike sufuria ijae, ya kesho Mungu anajua. Nimeona tulipime neno hili kwa Maandiko, halafu tuwaangalie watu waliolazimika kuishi kwa kipimo miaka mingi.

Soma tena Yohana 6 polepole. Umati umeshiba, watu wameketi kwenye nyasi. Yule aliyetoka kuwalisha kwa mikate 5 na samaki 2 ndiye anayewaagiza wanafunzi waokote mabaki, asitake kitu kipotee. Angeweza kufanya muujiza mwingine jioni hiyohiyo! Lakini aliwainamisha mitume chini kuokota vipande, na vikajaa vikapu 12. Kwa hiyo kuokota makombo hakukuja kwa sababu muujiza ulikosekana. Kulikuja baada ya muujiza, na aliyeamuru ni Mwenye muujiza.

Sasa twende Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kisiwa kile kilikuwa kinaleta sehemu kubwa ya chakula chake kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zikawa zinazizamisha baharini. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ikaanza mgao. Kila mtu alikuwa na kitabu chake, na alijiandikisha kwa mwenye duka mmoja. Walianza na siagi, sukari na nyama ya nguruwe. Mwezi wa Julai yakaingia majani ya chai: kama gramu 57 kwa mtu mmoja kwa wiki nzima. Sisi tunaokunywa chai asubuhi, saa nne na jioni, hebu tuweke gramu hizo kiganjani tuone. Yai lilikuwa moja kwa wiki, likipatikana. Nguo zilifuata Juni 1941, kuponi 66 kwa mwaka, na suti moja ya mwanamume ilimeza 26.

Hapo akina mama walionyesha akili. Sweta lililochakaa lilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa sweta la mtoto. Shuka iliyoisha katikati ilikatwa mara mbili, kingo zikashonwa pamoja ziwe ndizo katikati. Kola ya shati iligeuzwa. Palipokuwa na maua pakapandwa viazi na kabichi, na karoti zikatiwa kwenye keki ili sukari itoshe. Maganda ya viazi yalikusanywa mitaani kwa ajili ya nguruwe. Tena mwaka huo wa 1940 kupoteza chakula kulifanywa kosa la kisheria. Mtu angeweza kushtakiwa kwa kutupa mkate!

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba kipimo kilikuwa cha wote. Hata familia ya Mfalme George wa Sita ilipewa vitabu vya mgao. Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alipolala kwenye jumba la mfalme mwaka 1942, alikuta mstari umechorwa ndani ya bafu kuonyesha maji yasipite hapo. Na mwenye uhitaji zaidi aliongezewa: mama mjamzito alikuwa na kitabu cha kijani kilichompa maziwa na mayai kuliko wengine.

Sisemi ile ilikuwa nchi ya malaika. Soko la magendo lilikuwepo, na mwenye pesa alijua mlango wa nyuma. Na haki ile haikuvuka bahari ikatufikia sisi tuliotawaliwa. Vijana wetu wa KAR walikuwa wakipelekwa kupigana Burma, na huku Kenya mwaka 1943 watu walikuwa na njaa.

Hata ndani ya nyumba zao wenyewe kulikuwa na shida, na hapa ndipo nataka tukae. Serikali iligawa sawasawa mpaka mlangoni. Mlango ukishafungwa, akina mama wengi walitoa kipande chao cha nyama wakampa mume au mtoto. Kitabu kilikuwa na jina la mama, lakini nyama ilikuwa kwenye sahani ya mwingine.

Je, kwetu ni tofauti? Baba anatangaza mezani, "Mwezi huu tubane matumizi." Sawa. Lakini ukifuatilia, kilichopungua ni mafuta ya kupikia, nauli ya mama ya kwenda kwa mamake, na mshahara wa dada wa kazi unaosogezwa mpaka tarehe kumi na kitu. Nyama choma ya Jumamosi haijaguswa. Pesa za kubahatisha mechi hazijaguswa. Mkopo wa simu umechukuliwa na mke hajui. Wapendwa, huko si kubana matumizi, ni kumbana mama.

Mwangalie yule mjane wa Sarepta. Alikuwa na unga wa kujaza mkono mmoja na mafuta kidogo tu. Biblia haisemi pipa lilijaa hadi juu, inasema halikuisha. Kila siku alirudi kuchota kidogo kilekile, na katika hicho walikula yeye, mwanawe na nabii. Mama naye alikula. Usiruke hapo.

Basi wiki hii kila nyumba ikae chini siku moja baada ya chakula cha jioni, watoto wakiwepo, na dada wa kazi pia. Chukueni karatasi. Mkubwa wa nyumba, awe baba au mama anayelea peke yake, aandike kwanza kitu chake mwenyewe atakachopunguza, na kiasi chake kwa shilingi. Deni lolote lililofichwa liandikwe pia. Wengine wafuate baada yake. Mjamzito, mgonjwa na anayenyonyesha wasiandike kitu cha chakula.

Jumatano vikundi vitasoma 2 Wafalme 4:1–7, habari za mjane mwenye deni aliyetumwa kwa majirani kuomba vyombo, si pesa. Njooni na karatasi zenu. Ile ambayo mkubwa wa nyumba hajaandika kitu chake, viongozi watairudisha.